Mwanya wa Upande wa Mama

6 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na hii si shikamoo ya kupita njiani, ni ya kupiga magoti kabisa. Mkaza mjomba naye yake iko humuhumu, asije akasema nimemruka. Mimi mzima, kazi ninayo. Bado niko kwenye karakana ya meno ya bandia nyuma ya kliniki, nakoroga plasta, nachonga nta, nang'arisha meno ya watu ambao sijawahi kuwaona sura. Juzi nimepishana na bwana mmoja barabarani, akacheka, nikayatambua meno yangu! Nusura nimsimamishe nimwulize kama anayapiga mswaki vizuri.

Najua umeshaanza kujiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha: habari ndogo kwa simu, habari kubwa kwa karatasi, ili mtu aisome mara ya pili akiwa ameketi. Basi keti, Mjomba.

Naolewa! Desemba, Jumamosi ya pili. Ni yule mwalimu wa kemia niliyekuja naye, ukamnyoa pale saluni kwako mwanzo hadi mwisho asiseme neno, ukaninong'oneza, "Mpwa wangu, huyu anasikia kweli?" Anasikia. Na siku hizi anasema, tena mengi.

Sasa ombi langu. Sitaki makubwa. Ulipokuwa kijana ulimtoa mama nyumbani kwa tarumbeta, wewe mbele, yeye nyuma, kwa ule wimbo usio na jina. Mama aliuimba jikoni mpaka mwaka aliotutoka. Nataka unitoe nao mimi. Upande wa mama nimebaki na wewe tu. Mtu mwingine akiupiga, haki ya nani narudi ndani navua gauni.

Nijibu haraka. Mimi na subira hatujawahi kuelewana.

Mpwa wako


30 Machi

Bibi harusi wetu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu uiweke akiba. Barua yako ilinikuta na mteja kitini, kichwa nusu nimekinyoa, nusu bado. Nilipofika kwenye "naolewa" nilitoka nje nikacheza. Mteja naye akanifuata na shuka shingoni, akacheza hadi jasho, kisha ndipo akaniuliza tunacheza nini. Huo ndio ujirani.

Sisi hatujambo. Goti la mkaza mjomba wako linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Bati la jikoni limezibwa. Paka kazaa tena, na kama kawaida kachagua kabati langu la nguo za bendi.

Usinipigie simu, imeingia maji.

Sasa nibadilishe mada kidogo. Nina mteja wangu mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake, sura nzuri hasa. Masikini, kang'oka meno mawili ya mbele, ya juu, yale ya katikati kabisa. Kwa kuwa wewe ndiyo kazi yako, ananiomba nikuulize: mtu kama huyo anasaidiwaje? Na inachukua muda gani? Tuseme, kwa mfano tu, kabla ya Desemba inawezekana?

Kuhusu tarumbeta, tutazungumza. Desemba bado mbali.

Mjomba wako

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)

Mwanangu, hongera sana, nimelia kwa furaha. Mteja huyo mwenye sura nzuri nalala naye kitanda kimoja tangu ujana wangu. Simu haina maji hata tone. Anaogopa utamsikia, maana akisema "sasa sisi" anapiga mluzi hadi mbwa wa jirani anakuja. Mficha maradhi kilio humfichua. Barua naipeleka posta mimi, ndiyo maana hajui kama nimeandika hapa.


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole nyingi sana kwa mteja wako. Mwambie mpwa wa kinyozi wake amelia, kisha akacheka, kisha akalia tena, lakini anampenda vilevile.

Mweleze taratibu, njia ziko tatu. Ya kwanza ni meno ya kuvaa na kuvua. Ni kibamba chembamba cha plastiki ya rangi ya ufizi, kimebeba meno mawili, kina vikulabu vya waya vinavyokumbatia meno ya pembeni. Usiku unayavua unayalaza kwenye maji. Yanatengenezwa upesi, bei yake haiumizi, ila siku za mwanzo mdomo unahisi umepata mpangaji. Ya pili inaitwa daraja. Hapo meno mazima ya jirani, huku na huku, yanasagwa yapungue, yanavishwa kofia, na yale mapya yanaungana nazo katikati. Hilo halivuliwi, unalala nalo, unaamka nalo. Ya tatu ni skurubu. Usishtuke! Inapandwa ndani ya mfupa wa taya kama mzizi, mfupa unaishika, kisha juu yake linakaa jino. Hiyo ndiyo imara kuliko zote, lakini mfupa hauharakishwi, unachukua miezi, na kwa mtu anayetaka Desemba ni kubahatisha.

Na kama mteja wako ana kazi ya kupuliza kitu chochote, sisemi kitu gani, asikiguse mpaka daktari amruhusu. Na amwambie daktari kwamba anapuliza. Asimfiche. Wanaume wa ukoo wetu wanaficha hata mafua.

Halafu, ilikuwaje? Meno mawili ya mbele hayaondoki yenyewe kama wageni.

Mpwa wako, wa plasta


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mteja wangu anakushukuru. Pia anasema mkaza mjomba wako ni mmbea namba moja, na kwamba barua hii ataipeleka posta kwa mkono wake mwenyewe.

Haya, yaishe. Ni mimi. Nilikuwa nafungua soda kwa meno. Umeridhika?

Hujui ninavyoteseka. Kazini kwangu kioo kiko mbele na kingine nyuma, nikifungua mdomo pengo linanitazama mara mbili. Basi nimenyamaza. Na kinyozi asiyeongea ni msiba! Wateja wanaingia wakicheka, wanatoka wakinipa pole. Mmoja kaniachia rambirambi kwenye kopo la poda, sijui kamzika nani. Nimemnyoa fundi bomba habari zote za mtaa zikiwa kifuani, sikumwambia hata moja. Alipoondoka tumbo liliniuma.

Daktari wa meno wa hapa nimemwona. Kijana mpole, mikono ya baridi. Daraja nimelikataa. Jirani zangu wa kushoto na kulia hawajakosa lolote, kwa nini wasagwe kwa kosa la wenzao? Skurubu niliipenda sana, mpaka aliponionyesha skurubu yenyewe. Na Desemba haitangoja mfupa. Kwa hiyo nimechagua ya kuvaa na kuvua. Kanijaza mdomo uji mzito wa rangi ya pinki, akaniambia nipumue kwa pua, nikapumua kwa imani. Hiyo ndiyo chapa ya meno, wewe unajua.

Bendi haijui. Nimewaambia nina kifua. Mapafu anapiga nafasi yangu kwa sasa. Unamkumbuka Mapafu, yule fundi wa matairi aliyejiunga baada yangu, mwenye meno thelathini na mawili na majivuno ya sitini na nne.

Usiwe na wasiwasi na wimbo wako. Nakutoa mimi.

Mjomba


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mno umepata daktari. Je, ulimwambia unapiga tarumbeta? Hukuandika. Na soda gani hiyo, wakati mkaza mjomba alikukataza sukari tangu mwaka juzi?

Huku tunaendelea. Mchumba kapima ukumbi kwa hatua zake mwenyewe, akarudi na mchoro wenye mishale. Fundi Mkuu, yule mama anayesimamia karakana, katupiga picha sote za kubandika pale mapokezi ili wagonjwa wajue nani anawatengenezea. Nakuletea yangu. Anataka kila anayefanya kazi hapa awe tangazo la kliniki, ndivyo anavyosema. Kuna mambo madogo madogo ya matengenezo, si ya kujazia barua.

Naomba ukweli kuhusu soda.

Mpwa


19 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ukweli kuhusu soda ni kwamba haikuwa soda, ulikuwa mfupa wa kuku. Tuyaache hayo.

Meno yamefika! Meupe mpaka jirani akaniuliza kama nimenunua friji. Daktari alinishikia kioo, akasema, "Tazama, Mzee, yamekaa sawasawa, hata uzi haupiti." Alijisifu kwelikweli. Nilitoka pale nikasema "sasa sisi" kwa kila niliyekutana naye, hata ambao hawakuniuliza. Saluni nilifungua mdomo nikamwaga umbea wa miezi mitatu kwa siku moja. Fundi bomba ilibidi arudi asikilize sehemu yake.

Jumapili nikaenda kwenye mazoezi, uani kwa Mwenyekiti, yule mpiga ngoma kubwa aliyeishika bendi tangu enzi zetu. Wote wamekaa, Mapafu miguu kaitanua. Nikasema, leo watanijua. Nikavuta pumzi, nikaanza na ile sauti ya juu ambayo dada yangu alikuwa akiipenda. Mpwa wangu, nilipopumzika nivute pumzi ya pili, meno yakatoka! Yakaruka, yakatua katikati ya ngoma kubwa, pa! Mwenyekiti akasimamisha bendi nzima, akasema, "Samahani, nimekosea pigo." Watu walikufa kwa kicheko. Mapafu alianguka na kiti chake. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimejiziba mdomo kwa kofia.

Hiyo ndiyo ya kuchekesha. Sasa nikwambie isiyochekesha. Daktari kakaza vikulabu, sasa hayaruki hata nikipiga chafya. Lakini sauti yangu haipo. Inatoka nyembamba, ya kuomba radhi. Nimejaribu wiki nzima, midomo imevimba. Wimbo wa dada nimeufikisha katikati ukanifia. Jana Mwenyekiti alikuja saluni, akanyolewa kichwa ambacho hakina nywele, kisha akaniambia kwa upole kwamba Desemba atapiga Mapafu.

Kwa hiyo nitakuja. Nitavaa suti, nitakaa mbele, nitapiga makofi kuliko mtu yeyote. Mapafu nitamfundisha wimbo. Usivue gauni.

Picha imefika, nimeibandika kwenye kona ya kioo. Umependeza. Mbona umefunga mdomo?

Mjomba


26 Juni

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, nami nakusalimu na mwenzako. Mimi si mwandishi, nasema moja kwa moja.

Hakuna soda wala mfupa. Siku barua yako ilipokuja, baada ya kumaliza kucheza nje na yule mteja, fundi bomba, alifunga saluni mapema, akatoa tarumbeta aanze kuufanyia mazoezi wimbo wa mama yako. Akawa anautembelea, hatua kwa hatua, kama atakavyokutoa. Sakafu hakuwa ameifagia. Kakanyaga nywele, kateleza, kaangukia mdomo na tarumbeta ikiwa mdomoni. Mwanaume mzima kaangushwa na nywele za fundi bomba!

Hataki ujue, anaogopa utajiona wewe ndiye sababu. Tarumbeta ameiweka juu ya kabati, ameifunika na taulo. Jioni anaitazama taulo. Mimi roho inaniuma. Kama una la kufanya, fanya. Usimwambie nimekwambia.

Mkaza mjomba


8 Julai

Mjomba!

Shikamoo upesiupesi, maana nina haraka na kalamu hainikimbilii.

Nimesoma barua yako jikoni, nikaisoma kwenye basi, nikamsomea Fundi Mkuu plasta ikiwa inaganda. Akauliza swali moja tu: "Mjomba wako kabla ya kung'oka alikuwa na meno ya namna gani?" Nikapiga kelele hadi wagonjwa wakachungulia.

MWANYA! Mjomba, wewe ulikuwa na mwanya! Pale katikati, mlango wazi! Tangu ujana midomo yako imezoea kuukalia, ulimi unajua upo, pumzi imejipanga nao. Daktari naye, mtu mwema, kakupa meno yaliyobanana ambayo hukumwomba, akadhani anakufanyia hisani. Kwani ulimwambia? Hukumwambia. Aliona pengo, akalijaza. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Kwa hiyo tunayatengeneza upya, hapa, kwa mikono yangu. Kwenye daraja meno yanaungana, mwanya ungekuwa kazi ngumu, lakini kwenye ya kuvaa na kuvua naupanga ninavyotaka. Mwombe daktari akumwagie plasta ya mdomo wako, juu na chini, nitumie kwa kifurushi, ifunge kwa taulo. Una taulo, nadhani.

Ila nahitaji kujua mwanya ulikuwa mpana kiasi gani, na meno yenyewe yalisimamaje. Ukizidi kidogo, sauti itavuja. Ukipungua, tumerudi palepale. Nitafutie picha yoyote ya zamani uliyocheka.

Makofi sitaki. Makofi wanayo wengine.

Mpwa


1 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Umejuaje nina taulo? Ndani ya nyumba hii kuna mtu nitamkatia posho ya sabuni.

Plasta inakuja. Inatisha, nimejiona kama babu yangu akiwa usingizini.

Kuhusu picha, tumepekua nyumba nzima, hadi kwa paka. Mpwa wangu, katika maisha yangu yote sijawahi kupigwa picha bila tarumbeta mdomoni! Harusi ya dada yangu, tarumbeta. Harusi yangu mwenyewe, bibi harusi yuko pembeni ananikasirikia, mimi tarumbeta mdomoni. Ya kitambulisho tu haina tarumbeta, nayo nimefunga mdomo maana walinikataza kucheka. Ni kama nilizaliwa nikaambiwa, puliza.

Mkaza mjomba wako anasema mwanya wangu ulikuwa wa kupita kijiti cha kiberiti. Mimi nasema vijiti viwili. Tumegombana, tumenuniana, tumepatana, lakini kila mtu na kijiti chake. Fundi bomba tulimwita awe shahidi. Alisema "ulikuwa mzuri," basi, hakuna msaada.

Baba yangu alikuwa nao huohuo, dada yangu akauchukua, mimi nikauchukua. Shuleni walituita nyumba ya mlango wazi. Wote wameshalala, nani wa kumpima?

Usijisumbue sana. Mapafu wimbo ameushika. Anaupiga vizuri, sitaki kukudanganya. Nikimsikia natoka nje nachota maji ambayo hatuyahitaji.

Mjomba


14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Kemia anasalimu.

Ndani ya kisanduku hiki kuna meno yako. Mwanya nimeupata. Usiniulize wapi.

Mpelekee daktari ayakague kwanza, kama kuna kinachobana akipunguze, usijikwangue mwenyewe kwa wembe wa saluni, nakujua. Anza na sauti za chini, dakika chache, pumzika, rudi. Midomo imesahau, ikumbushe kwa adabu. Na ufagie sakafu kabla.

Mpwa


6 Oktoba

Mpwa wangu, mpwa wangu, mpwa wangu!

Marahaba kabla hujaniamkia! Hali zetu njema, goti jema, paka mwema, kila kitu chema!

Daktari kayakagua, kakwangua kidogo nyuma, akaniomba msamaha. Nikamwambia kosa ni langu, mtu hawezi kununua viatu bila kusema ana miguu. Nikaja nyumbani. Sikufanya haraka, niliogopa. Siku za kwanza nilipiga sauti za chini kama ulivyoagiza, mkaza mjomba wako ananihesabia muda kwa kuchambua mchele.

Jumatano, saluni, mchana. Nimefagia. Narudia: nimefagia. Nikaupiga wimbo wa dada. Ukafika katikati, pale ulipokuwa ukinifia, ukapita! Ukapita kama mwenye nyumba! Nikaenda nao hadi juu, nikaketi kule juu nikashuka taratibu. Nilipofumbua macho, mlango umejaa watu, fundi bomba analia, mwenye duka la mkabala kaacha wateja wake. Na nyuma yao, Mapafu. Kasikia tangu kwenye matairi yake. Nikajua atasema neno. Kaingia, kanivulia kofia, kasema, "Mzee, Desemba nitakubebea sanduku la tarumbeta, kama utaniruhusu." Nimemsamehe majivuno yote, hata yale ya mbeleni.

Lakini sikiliza. Baadaye walipoondoka nilibaki mimi na vioo vyangu viwili. Nikacheka peke yangu, kujitazama tu. Na kwenye kioo nilimwona dada yangu. Si kwa mfano, mpwa wangu. Nilimwona. Niliketi kwenye kiti cha wateja nikalia mpaka nikahisi njaa.

Mkaza mjomba wako aliponiona alinishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku, kisha akasema ni kijiti kimoja. Mimi nasema viwili.

Umeupata wapi? Hakuna mtu duniani aliyekuwa nao. Umeupata wapi?

Mjomba wako, mpiga tarumbeta


25 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo, mpiga tarumbeta. Barua yako nimeisoma kwa sauti karakana nzima. Fundi Mkuu alisema kuna vumbi la plasta jichoni.

Nimeupata mdomoni mwangu. Sote wawili tulihesabu waliolala, tukamsahau aliye hai.

Uliniuliza kwa nini nilifunga mdomo kwenye picha, nami sikukujibu. Sasa nakujibu. Siku nzima nashika meno yaliyonyooka, naambiwa haya ndiyo mazuri, kisha nanawa, natazama kioo, naona mlango wazi. Fundi Mkuu kwa nia njema aliniahidi zawadi ya harusi: daktari wetu angeuziba, anaongeza kidogo huku, kidogo huku, nusu saa umekwisha. Nikakubali. Niliogopa picha za harusi. Nikaanza kucheka nimefunga mdomo, na mchumba nilipomwambia, aliniuliza mara tatu naziba nini.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema nini, na mama angesema nini.

Miadi ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Plasta yako ilikuwa mezani kwangu muda mrefu, na pengo lake, nami najaribu kukisia kijiti kimoja au viwili. Nimekaa kwenye kiti cha daktari, taa imeshawashwa, ndipo ikanijia: nyumba ya mlango wazi, nani wa kumpima? Mimi hapa, mdomo wazi, nimejilaza kabisa! Nikasema, ngoja, nichukulieni chapa kwanza. Wakadhani nataka kumbukumbu.

Nilimwaga plasta mwenyewe. Ilipoganda nikaitoa, nikaigeuza kwenye mwanga. Plasta haina macho wala rangi, Mjomba, lakini alikuwa mama, anacheka. Nimemkosa tangu alipotutoka, kumbe nilikuwa natembea naye mdomoni, na siku hiyohiyo angekuwa amezibwa. Nikaiweka karibu na plasta yako, nikapima, nikakupangia meno yako hapohapo, hata aproni sikuvaa. Fundi Mkuu akaja mlangoni, akasema, "Haya, bibi harusi, rudi kitini daktari anasubiri." Nikamwambia kiti hicho akakalie yeye.

Ni kijiti kimoja na nusu. Nyote wawili mmekosea, pataneni.

Na jambo la nywele za fundi bomba nalijua tangu Juni. Usimgombeze aliyeniambia. Umenivunjia meno yako na kunifichia miezi yote hii nisije nikalia. Nimelia, na nakupenda. Njoo na sanduku lako, njoo na Mapafu, njoo umecheka.

Mpwa wako


3 Januari

Mpwa wangu, mke wa watu,

Marahaba, na salamu kwa Kemia. Mwambie hotuba yake ilikuwa ndefu, lakini tulimsamehe kwa kuwa tulishangaa ana sauti.

Sisi tumefika salama. Mapafu sanduku hakuliachia njia nzima, alilala nalo mapajani. Mkaza mjomba wako anatembea mtaani akisema "kijiti kimoja na nusu" kwa watu wasiojua habari yenyewe, akisisitiza kimoja.

Naomba radhi kwa lile la mlangoni. Nilijiapiza nitaupiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Nimekutangulia vizuri, ngazi zote tumeshuka, watu kimya. Nikageuka mara moja tu kukutazama, nawe ukanicheka, wazi, meno yote nje! Basi nikacheka. Na mtu hawezi kupuliza huku anacheka, nimejaribu maisha yangu yote. Wimbo ukakatika katikati, Mapafu akashika tarumbeta yake aniokoe, na kabla hajaifikisha mdomoni wewe ukaudaka kwa kuuimba, palepale ulipokatikia, kwa sauti ya dada yangu ya jikoni. Sikuweza kuendelea. Nilisimama tu nacheka na machozi hadi kwenye kola, na wewe unajitoa mwenyewe.

Picha zimefika. Sasa ninayo moja katika maisha yangu yote ambayo tarumbeta iko chini na mdomo uko wazi. Tumo mimi na wewe, bega kwa bega. Ile yako ya kufunga mdomo nimeibandua, nimebandika hii katikati ya kioo, wateja wanyolewe wakiitazama.

Jana fundi bomba kaikodolea macho muda mrefu, shuka shingoni. Akasema, "Huyu binti kamfuata mjomba wake, jamani, hata mwanya!" Nikazima mashine, nikamgeuza kiti anitazame usoni, maana hili nilitaka alisikie vizuri.

Nikamwambia, "Hapana, bwana. Safari hii mjomba ndiye kamfuata mpwa."

Mjomba wako